Sekunde Kumi na Moja za Stesheni ya Medlow

Ojai, California
24 Machi 1948

Bi. Opal,

Nakuandikia nikiwa barazani, miguu juu ya kiti, gazeti la juzi mapajani, na picha yako humo imetoka vibaya kweli. Umeishika ile sanamu ya dhahabu ya tuzo ya ukataji filamu kama mtu aliyeombwa amshikie jirani mtoto kidogo. Hongera sana. Leonora naye anasema hongera, ila anauliza gauni lile ulilitoa wapi, maana amezoea kukuona na koti la kazi na glavu nyeupe tu.

Sasa nisikilize. Tangu Stesheni ya Medlow ianze kuonyeshwa, siwezi kwenda kununua mkate bila kusimamishwa njiani. Hawaniulizi habari ya filamu nzima. Wanauliza pale tu ambapo treni imeshamchukua mwanangu, nami nimebaki peke yangu kwenye jukwaa la stesheni bila neno. Mama mmoja alinishika mkono kwa muuza nyama akalia, na mimi nimekumbatia kifurushi changu cha nyama ya kusaga sijui nimfanyeje. Gazeti moja la New York limehesabu kabisa: sekunde kumi na moja. Watu wananiuliza, Bwana Keel, ulifanyaje pale? Nawajibu ni uzoefu, miaka arobaini na moja ya kuigiza, kuanzia kwenye mahema kule Nebraska. Najibu hivyo kwa kuwa lazima nijibu kitu. Ukweli ni kwamba sikumbuki.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Lyle Brandvold alikuja hapa Jumapili. Anatengeneza filamu ya mchungaji anayegombana na mji wake, na anataka mimi ndiye niwe huyo mchungaji. Nina miaka sitini na minane, na hii ndiyo mara ya kwanza jina langu kutangulia kwenye bango. Tena filamu yenyewe ni ya ajabu, haikatwi. Kamera ikishawashwa tunaigiza dakika kumi mfululizo mpaka utepe uishe, kisha wanaweka utepe mwingine tunaendelea. Mkasi hauingii humo. Anataka nisaini mwisho wa Mei, tuanze Agosti.

Kabla sijasaini nina ombi kwako. Niruhusu nije kwenye chumba chako cha kukatia filamu unionyeshe zile sekunde kumi na moja, pamoja na yaliyotangulia na yaliyofuata. Nataka kuona nilivyofanya, ili nikafanye tena.

Wako,
Thaddeus Keel


Culver City
2 Aprili 1948

Mzee Keel,

Nashukuru kwa hongera. Gauni ni la wifi yangu, na lilikuwa na pini ishirini mgongoni, ndiyo maana kwenye picha nimesimama wima vile.

Umeniandikia kama mtu aliyenijua siku zote, nami nimegundua sijawahi kukueleza kazi yangu. Niliingia hapa mwaka 1922, nina miaka kumi na minane, kwa sababu mama yangu alikuwa fundi cherehani na mwajiri akaamini binti wa fundi atajua kushika mkasi. Tulikuwa wasichana thelathini kwenye meza moja ndefu, tunabandika filamu kwa gundi inayopasua kichwa. Mashine hatukuwa nazo. Ulinyanyua utepe kwenye mwanga, ukauvuta kwa vidole kwa mwendo wa mtu anayetembea, na ukiona yule mtu wa kwenye utepe anatembea kweli, ulijua umepatia. Sauti ilipoingia kwenye filamu, wengi wetu walirudishwa nyumbani wakaletwa wanaume wanaojua mambo ya umeme. Mimi walinibakiza kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kusoma midomo. Nimekata filamu sitini na moja. Hata leo kila filamu naitazama kwanza bila sauti. Maneno mwigizaji amepewa na mwandishi, lakini mikono ni yake mwenyewe.

Nikueleze na jingine ambalo siwaambii watu. Nikichukua kipande cha mtu anayetazama, nikakibandika na kipande cha mlango uliopigwa picha mwezi mwingine, mji mwingine, halafu nikaona yule mtu anautazama ule mlango, mwili unanisisimka. Miaka ishirini na sita, na sijazoea.

Kuhusu mabaki ya Medlow, vile vipande visivyotumika, yako ghalani, makopo yamefungwa, na kuyatoa kunahitaji kibali. Kuhusu Bwana Brandvold, usiwe na haraka. Dakika kumi bila kukatwa ni nyingi mno. Kila mwigizaji anahitaji pa kupumulia. Huenda zikaja kazi nyingine nzuri kuliko hiyo.

Msalimie sana Mama Leonora.

Opal Hruska


Ojai
9 Aprili 1948

Bi. Opal,

Kumbe una wivu, binti. Nimemsomea Leonora barua yako akacheka mpaka akaweka sufuria chini. Brandvold kapata filamu isiyohitaji mkasi, basi roho inakuuma, unaniambia niwe na subira. Nisubiri nini? Nina miaka sitini na minane. Nikisubiri zaidi wataniweka kwenye filamu nikiwa ndani ya jeneza, na hapo sitahitaji mswada.

Nimeshaanza kujifunza. Ukurasa wa kwanza wa mahubiri ninao kichwani wote. Leonora ananishikia karatasi, mimi namtolea maneno nikizunguka jikoni, na mbwa wa jirani anakaa mlangoni kama muumini.

Lile la makopo kufungwa sikulielewa. Wewe ndiye mkuu wa kile chumba. Kibali utamwomba nani, wewe mwenyewe? Kama hutaki nije, sema hutaki, mimi si mtu wa kununa. Lakini sura ile ni yangu, na nadhani nina haki ya kuitazama.

Thaddeus


Ojai
15 Aprili 1948

Bi. Opal,

Thaddeus hajui kwamba nakuandikia. Yuko nje anachuma machungwa. Ataleta kapu limejaa, ataliweka mezani, atatoka na kapu jingine akidhani hajaanza. Jana tulipata makapu matano.

Nilianza kuona mwaka jana. Kwanza aliniita Ruth, jina la dada yake aliyekufa. Kisha akaendesha gari kwenda posta, akarudishwa na mtu wa kituo cha mafuta. Daktari wa Ventura anasema ni uzee, nimzoee. Ule ukurasa wa kwanza aliojigambia kwako tunajifunza kila asubuhi, na kila asubuhi ni mpya kana kwamba umeletwa na posta siku hiyo.

Nimebaki na kitu kimoja cha kushikilia, nacho ni Medlow. Mliipiga Septemba, wakati hapa nyumbani hali imeshaharibika, na nimekwenda kuitazama mara nne nikimchunguza. Hakuna hata mahali pamoja aliposhindwa. Hotuba ile ndefu ya kumuaga mwanawe anaitoa yote, safi. Basi nikaelewa kwamba mbele ya kamera mume wangu anarudi mzima. Kazi ndiyo dawa yake, na akiikosa hii ya Brandvold nitabaki na mtu wa makapu.

Barua yako imemtia wasiwasi. Wewe anakuheshimu kuliko waongozaji wote. Tafadhali mwandikie, mwambie asaini. Na haya niliyokueleza yabaki kati yangu na wewe.

Leonora Keel


Culver City
3 Mei 1948

Mzee Keel na Mama Leonora,

Someni barua hii pamoja, tafadhali. Nimeichelewesha kwa sababu nilirarua tatu kabla yake.

Mzee wangu, ulisema sura ile ni yako na una haki nayo. Ni kweli. Nitakueleza nilichokiona kwenye utepe, bila kupunguza.

Hotuba ya stesheni tuliipiga mara thelathini na moja, kwa siku tano. Hukuimaliza hata mara moja. Ile wanayoisikia watu nimeijenga kwa vipande kumi na tisa. Neno "ukifika" nimelichukua kwenye mara ya pili, neno "andika" nimelichukua kwenye mara ya ishirini na sita. Pale unapomgeukia mwanao kwa uchungu, ulikuwa unamgeukia karani wa mswada akusomee mstari unaofuata. Pale unaponyamaza na watu wanatoa leso, ulikuwa unatafuta jina lake. Nilifunga mlango nikakata peke yangu wiki saba, sikumwachia hata msaidizi wangu, kwa kuwa wakubwa wa studio wangeona yale mabaki usingepata tena kazi mji huu. Mwongozaji wetu Pruitt alijua nusu. Mengine nayajua mimi tu.

Sasa zile sekunde kumi na moja. Mwongozaji akisema kata, kamera huendelea kuzunguka kidogo kabla haijazimwa. Kipande hicho sisi tunakiita mkia, na wengi hukitupa bila kukitazama. Mimi hutazama mikia yote. Ile mara ya thelathini na moja, Pruitt alisema kata, mpiga picha akachelewa kuzima. Watu wakaanza kukusanya vifaa. Wewe ukabaki umesimama palepale, ukatazama jukwaa kama mtu aliyeshushwa kwenye mji asioujua. Hukujua uko wapi, Mzee Keel. Hukuwa unaigiza. Nilijua hivyo tangu siku niliyoiona, na bado niliiweka, kwa sababu sijawahi kuona kitu kikubwa kama kile kwenye utepe wowote. Kwa kipande hicho nimepewa sanamu. Naionea aibu kila nikipita ilipo.

Kwa Brandvold hakuna mkia na hakuna mkasi. Utasimama mbele ya watu sitini, maneno yatakukimbia, na mimi sitakuwepo kukuokota. Nakuomba usisaini.

Mama Leonora, nisamehe. Ulinipa siri nami nimeivunja. Ushahidi ulioushikilia ni mimi niliyeutengeneza.

Makopo nimeyatoa, yako juu ya meza yangu.

Opal


Ojai
8 Mei 1948

Bi. Hruska,

Uliandika tusome pamoja, basi tulisoma pamoja. Aliifungua yeye, akaisoma kwa sauti yake ya jukwaani, tangu mwanzo mpaka jina lako. Kisha akaniuliza, "Siri gani, Leonora?" Miaka thelathini na sita ya ndoa, na ilibidi nimwambie mbele ya sahani za chakula.

Sitaki kukutukana, lakini ujue nilivyo. Ugonjwa wa mume wangu umekupa sanamu, na mimi umenipa mtu anayekaa barazani siku tatu hasemi. Wewe ukiona kipande kibaya unakikata. Mimi hapa nakatia wapi?

Leo asubuhi amepiga viatu vyake rangi. Amesema Alhamisi tunakuja Culver City. Nitaendesha mimi, na nitabaki kwenye gari, kwa sababu sitaki kukuona.

Leonora Keel


Ojai
17 Mei 1948

Bi. Opal,

Samahani niliondoka Alhamisi bila kuaga. Ulinionyesha kila kitu, ukanirudishia zile sekunde kumi na moja mara kumi na nne, kisha mimi nikachukua kofia nikatoka, nawe ukabaki umeshika mlango kama umeua mtu. Ulidhani nimevunjika. Nilikuwa nafikiri, na nilikuwa naogopa kusahau ninachofikiri, kwa hiyo niliandika kwenye mkono wa shati langu ndani ya gari. Leonora ameona wino akapiga kelele. Nanakili hapa kabla shati halijafuliwa.

Vile vipande kumi na tisa, uko sahihi. Nilimwona mzee anaombaomba maneno kwa kila mtu aliyesimama karibu. Nilitamani niingie mle ndani nimnong'oneze. Halafu ukanionyesha ulivyoviunganisha, na yule mzee akasimama akasema hotuba yake yote, akamuaga mwanawe kama baba. Nilikaa pale mdomo wazi. Nimefanya kazi na waongozaji wenye majina, wengine wamekufa matajiri, hakuna aliyewahi kunibeba namna hiyo, tena kimyakimya, bila kuniambia nina uzito gani. Nashukuru, binti. Nitashukuru tena kesho nikisahau kwamba nimeshashukuru.

Lakini zile sekunde kumi na moja umekosea, wewe na miaka yako ishirini na sita.

Nne za kwanza, sawa. Nimepotea. Ndani ya macho yale hakuna mtu, na kuyatazama kuliniogopesha kuliko daktari yeyote. Sasa endelea. Treni iliondokea upande gani? Kulia. Mtu aliyepotea angetazama kulia ilikokwenda, au angetazama chini, au angemshika mtu wa karibu amuulize. Mimi nimegeukia kushoto. Kushoto kuna nini? Kuna ile taa kubwa ya Swenson, fundi wetu wa taa. Nilisikia joto lake shavuni, nikalifuata. Tazama pia kidole changu. Kinasukuma ukingo wa kofia nyuma, na nyie mmesema mzee wa watu anababaika. Kidole hicho nilifundishwa Grand Island, Nebraska, mwaka 1907, ndani ya hema, kwa kuzabwa kibao: kivuli cha kofia kikikuziba macho, watu wa viti vya nyuma hawaoni kitu. Kisha uzito unahamia mguu wa nyuma, bega linashuka, na nabaki hapo bila kukimbia, nauacha ule woga uonekane mpaka mwisho.

Mtu aliyepotea hatafuti taa yake, Opal. Sikumbuki hata moja kati ya sekunde hizo, na sitakudanganya kwamba nakumbuka. Ila mwili ule naujua, nimeishi nao. Nilizinduka katikati ya woga, nikajikuta mbele ya kamera, nikautumia. Sekunde nne ni za ugonjwa. Saba ni zangu. Usininyang'anye hizo kwa kunionea huruma.

Brandvold nimemwambia mgongo unanisumbua. Sekunde nne kwenye filamu isiyokatwa hazina pa kufichwa, na ulifanya haki kunizuia. Mswada nimeufunga kwa kamba, Leonora ameupeleka posta mwenyewe. Nililia, ndiyo. Nilidhani kama sina dakika kumi, basi sina tena kazi.

Thaddeus


Culver City
24 Mei 1948

Mzee Keel,

Nilipomaliza barua yako nilifunga mlango, nikavaa glavu, nikaweka utepe mezani, nikachukua kioo cha kukuzia. Kila sekunde ina picha ishirini na nne, nikazipitia moja moja kwa mkono, kama tulivyokuwa tukifanya zamani.

Picha ya tisini na saba, kidevu kinaanza kugeuka. Ya mia na nne, kidole kinagusa kofia. Ya mia na kumi na mbili, kivuli kimeondoka na macho yana mwanga, na ndani ya macho yale kuna mtu.

Kipande hicho nimekikata kwa mikono hii. Nimekitazama pengine mara mia tatu. Watu wa kazi yangu walisimama ukumbini wakanipigia makofi kwa ajili yake, na sikuwa nimekiona. Nilikuwa nimeshaamua wewe ni mgonjwa, nikamtazama mgonjwa. Nilimwita Swenson, sikumweleza chochote, nikamwonyesha mara moja tu. Akasema, "Huyo mzee ananitafuta mimi."

Mtu hajui yuko wapi, hajui ni siku gani, pengine hajui jina lake, na bado ufundi wake unajua pa kusimama. Nimekaa na maajabu haya wiki nzima, nakula pai kantini sijui ni ya nini. Wale wanaokusimamisha barabarani waambie ulifanya kwa uzoefu. Hukuwadanganya.

Sasa nami nina ombi. Pruitt anaanza filamu nyingine Jumatatu ya pili ya Juni. Kuna babu anayekaa dirishani akitazama nyumba ya ng'ambo ikibomolewa, nyumba aliyozaliwa. Hana neno hata moja. Ni kazi ya siku tatu, na babu huyo ndiye anayefunga filamu. Nimemweleza Pruitt hali yako yote, kwa sababu kuficha kumetosha. Akaniambia nikuulize. Swenson ataweka taa kushoto. Hakuna atakayesema kata. Kamera itazunguka mpaka wewe mwenyewe uinuke kwenye kiti.

Mama Leonora, chumbani kwangu kuna kiti cha ziada. Ukitaka kuja kunigombeza, kipo.

Opal


Ojai
31 Mei 1948

Bi. Opal,

Nakuja. Leonora ndiye dereva, na safari hii hatabaki kwenye gari. Amesema kile kiti anakitaka, na ana maneno yake, kwa hiyo jiandae. Ameandika tarehe mlangoni, kwenye kabati la vikombe, na ndani ya kofia yangu.

Nikifika hapo nikasimama kama gogo, sijui nimekuja kufanya nini, usihangaike kunieleza. Mwambie Swenson awashe taa.

Thaddeus Keel